Jaa Lililowekwa Amana kwa Sultani

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko miji ya kutawala, palikuwa na mji uitwao Tundwani, na watu wa mji ule walijisifu kwa jambo moja: walipenda usafi. Kila asubuhi kila mtu alifagia mbele ya mlango wake, akafagia kwa bidii, hata usione jani wala unyoya. Ila mji wenyewe ulijengwa mtelemkoni, na kila aliyefagia alifagia kuelekea chini, kwa jirani yake. Jirani naye hakukubali, akafagia kuelekea kwa jirani wa chini yake, na yule naye vivyo hivyo, ikawa taka za Tundwani zinashuka mlango kwa mlango, hata zikafika mwisho wa kichochoro cha mwisho, chini kabisa, penye nyumba ya Ngwali. Hapo hapakuwa na jirani mwingine wa kufagiliwa, maana baada ya Ngwali kulikuwa na ukuta wa mji.

Huyu Ngwali alikuwa msuka makanda, fukara asiye na mbele wala nyuma, na watu walimhesabu kuwa mpumbavu kwa sababu mbili. Kwanza, ukimwambia neno alilishika kama lilivyo. Tajiri mmoja aliwahi kumwambia, keti hapa nikurudie, kisha akasahau, naye Ngwali akaketi pale siku mbili, analetewa uji na mkewe. Pili, alipenda kuuliza maswali ambayo watu wenye akili zao wanajua kwamba hayaulizwi. Mkewe, Bi Mboja, alikuwa na ulimi mkali na moyo mwema. Nyumba ile ilikuwa yake, urithi wa mama yake. Alizaliwa humo, akazalia humo, na alikwisha sema mara nyingi kwamba hatatoka humo ila kwa kubebwa.

Basi jaa likapanda mbele ya nyumba ile mwaka baada ya mwaka, hata likaziba mlango, ikawa Ngwali na mkewe wanatoka na kuingia kwa dirishani. Watu wa juu hawakujua, kwa sababu hawakuwa na haja ya kushuka huko; na waliojua walishukuru kwamba wao hawakai huko.

Hata siku moja upepo ukageuka. Sultani Sarahani alikuwa ameketi barazani pake pamoja na mgeni wa heshima kutoka nchi ya mbali, anamweleza jinsi mji wake ulivyo safi. Alipoinua kikombe cha kahawa, nzi akatumbukia. Akaletewa kikombe cha pili, wakatumbukia nzi wawili. Kilipoletwa cha tatu mgeni akasema kwamba yeye amekwisha kutosheka, wala si kwa kahawa peke yake. Sultani akaona haya, haya ikageuka hasira, akaamuru nzi wale wafuatwe mpaka kwao. Waziri akatoka na askari kumi na wawili, wakashuka mtelemko mzima huku wamekodoa macho hewani, wakijikwaa kwenye vizingiti vya watu, hata wakafika penye jaa, wakamkuta Ngwali mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje ya dirisha.

Waziri akauliza nyumba ile ni ya nani. Ngwali akajibu kwamba ni ya mkewe. Waziri akauliza na jaa ni la nani. Ngwali akasema kwamba hilo ndilo swali alilotaka kumwuliza yeye, na akashukuru sana kuona kwamba hatimaye amekuja mtu wa serikali anayelijali.

Akachukuliwa mpaka mbele ya Sultani, na Sultani akamwambia mbele ya watu wote, "Ewe Ngwali, nakupa siku saba. Nataka jaa lile liondoke pale lilipo, usisalie hata unyoya wa kuku. Siku ya nane nitashuka mwenyewe. Nikilikuta, nyumba itabomolewa, na wewe na mkeo mtatoka katika mji wangu."

Ngwali akainama. "Nimesikia, Maulana. Liondoke pale lilipo. Je, niliweke wapi?"

"Liweke popote sheria inaporuhusu," akasema Sultani. "Ninao maakida wanne wa mambo hayo, nawalisha na kuwavika. Waulize wao."

Ngwali akashika njia, akaenda kwanza kwa Akida wa Bahari, maana bahari ndiyo iliyokuwa karibu. Akamkuta anapepewa. Akida akamsikiliza kwa upole, kisha akamfungulia sheria yake, ndefu, yenye muhuri wa Sultani mwekundu, isemayo kwamba haruhusiwi mtu yeyote kutupa baharini hata kokwa ya embe, bandari isije ikajaa na samaki wasije wakafa. Ngwali akasema kwamba sheria hiyo ni njema kabisa. Akauliza, basi jaa aliondoe nani. Akida akasema kwamba kazi yake yeye ni kukataza lisije baharini, na tangu alipoikamata kazi hiyo halijaja, kwa hiyo kazi ameitenda. Kuondoa huenda ni kazi ya Akida wa Lango.

Akaenda kwa Akida wa Lango. Huyu naye alikuwa na sheria yenye muhuri vilevile: kitu hakitoki nje ya lango ila kwa hati, na hati haiandikwi bila jina la mwenye kitu na jina la mtu wa huko nje atakayekipokea. Ngwali akasema mwenyewe hajulikani, na mtu wa kulipokea jaa kwa hiari yake bado hajazaliwa. Akida akasikitika pamoja naye, akamshauri alichome, amwone Akida wa Moto.

Akida wa Moto akamwonyesha kovu mkononi. Alisema mji uliwahi kuungua nusu yake kwa sababu ya mtu mmoja aliyechoma makuti, na tangu hapo sheria ni kwamba haramu kuwasha moto ndani ya kuta ila wa jikoni. Ngwali akauliza kama anaweza kulichoma jikoni, kidogo kidogo. Akida akapiga hesabu kichwani, akasema hilo litakwisha wajukuu wa Ngwali wakiwa na mvi, afadhali alizike, na mambo ya kuzika yako kwa Akida wa Ardhi. Na Akida wa Ardhi, mtu mnene asiyependa kuinuka, akasema chini ya Tundwani pote ni visima na makaburi, na sheria inakataza kuchimba shimo linalopita goti. Akamshauri Ngwali ajaribu baharini.

Basi Ngwali alikuwa amekula siku nne kwa maakida wanne, na amerudi pale alipoanzia. Jambo lililomshangaza ni kwamba hakuona sheria mbaya hata moja. Zote zilikuwa na maana, na kila moja ilitungwa na mtu mwenye akili. Ila kila moja ilisema wapi taka zisiende, na hakuna iliyosema ziende wapi, na maakida wote wanne walilipwa kwa kukataza. Akafika nyumbani, akaingia dirishani, akamkuta Bi Mboja anafunga vyungu kwa kamba.

"Nafunga mapema," akasema Bi Mboja, "maana wewe nakujua. Utauliza maswali mpaka paa litushukie." Akaendelea kufunga, kisha akaacha kamba, akaketi chini penye jiko la mama yake, akalia. Ngwali aliyaweza maneno ya mkewe yote, miaka yote, ila machozi yake hakuyazoea, na moyo ulimuuma vibaya sana. Akatoka tena, aende popote asipoyasikia.

Alipokuwa amesimama juu ya jaa, hajui la kufanya, akamsikia mpiga mbiu wa mji anapita kichochoro cha juu, anapuliza pembe yake na kutangaza kwamba ameokotwa mbuzi mweusi mwenye sikio lililopasuka, mwenye mbuzi ajitokeze. Ilikuwa desturi ya Tundwani tangu enzi za babu yake Sultani: kilichookotwa hutangazwa siku mbili, na asipotokea mwenyewe, aliyekiokota hukipeleka katika Ghala ya Amana, ndani ya jumba la Sultani. Huko huwekwa chini ya muhuri mwaka mmoja na siku moja, wala hapana mkono unaoruhusiwa kukigusa ila wa mwenyewe. Na mlinzi wa Ghala haruhusiwi kukataa kitu, kidogo wala kikubwa, kizuri wala kibaya. Kwa maana zamani mlinzi mmoja alikataa kitambaa kichafu, na ndani yake mlikuwa na pete ya bibi harusi, naye akafukuzwa mjini.

Ngwali akalisikiliza tangazo la mbuzi mpaka mwisho. Kisha akashuka mbio, akamkamata mpiga mbiu kwa kanzu, akamwahidi kanda jipya la kuwekea pembe yake.

Kesho yake Tundwani pote pakasikika mbiu: kimeokotwa kitu, kikubwa, mlangoni kwa Ngwali msuka makanda; mwenye kitu aje akitambue. Watu wakashuka mbio wakidhani ni hazina. Walipoona ni jaa wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakasema Ngwali amerukwa na akili. Naye aliwapokea kwa adabu, mmoja mmoja, akawauliza kama wanaona chochote kilicho chao.

Bi Rukia muuza vitumbua alionyeshwa kikaango kilichotoboka, ambacho mji mzima ulikula vitumbua vyake miaka kumi. Akakitazama, akaapa kwamba hajapata kukiona. Mwalimu wa chuo alionyeshwa ubao wa kuandikia wenye jina lake mwenyewe. Akasema hati ile inafanana na yake, lakini si yake. Tajiri mmoja alionyeshwa godoro, akakasirika kwa kuulizwa. Ikawa siku mbili nzima watu wa Tundwani wanapita mbele ya taka zao wenyewe na kuzikana, na kila aliyekana Ngwali alimwomba arudie maneno yake mbele ya mpiga mbiu, awe shahidi.

Siku ya saba, jua lilipochomoza, Ngwali akafungua makanda yote aliyokuwa nayo ya kuuza, akawaendea wachukuzi wa sokoni, akawaambia kwamba kuna amana ya kupeleka kwa Sultani. Kwa kazi ya Sultani nani angekataa? Wakapanga mstari, kanda kichwani, tokea mlango wa Ngwali hata mlango wa Ghala, na Bi Mboja akiwa nyuma na ufagio, hajaelewa bado, ila anafagia. Mlinzi wa Ghala, alipoletewa kanda la kwanza, akaziba pua, akauliza ni nini.

"Ni vitu vilivyookotwa," akasema Ngwali. "Vimetangazwa, na mwenyewe hakutokea. Shahidi huyu hapa."

Mlinzi akatazama kanda, akatazama sheria iliyobandikwa ukutani, akakumbuka pete ya bibi harusi na yaliyompata yule mlinzi wa zamani. Akapokea. Akapokea la pili, na la kumi, na la mia. Ghala ikajaa hata mlango ukafungwa kwa kusukumwa na watu wanne, na kilichozidi kikapangwa ukumbini, kikatiwa muhuri. Ghala ile ilikuwa imepakana na baraza ya Sultani, ukuta kwa ukuta, kwa kuwa babu yake hakumwamini mtu; ila siku ile Sultani alikuwa shambani kwake nje ya mji, akalala huko.

Siku ya nane Sultani akaingia mjini, akashuka moja kwa moja na wabomoaji wake. Akakuta uwanja umefagiwa, mlango wa Ngwali uko wazi, na Ngwali ameketi kizingitini anasuka. Sultani akafurahi sana. Akawaambia waliokuwa naye kwamba mnaona, mambo yote yanawezekana mtu akitishwa vizuri. Akarudi kwake akiwa na moyo mweupe, akaketi barazani, akaagiza kahawa.

Kikombe hakikuonekana. Kilikuwa kimefunikwa na nzi tangu ukingoni mpaka kitakoni. Sultani akainuka, akafuata harufu, na safari hii hakuhitaji waziri. Akafika ukumbini mwake mwenyewe, akaona makanda yamepangwa mpaka darini, na juu ya kila kanda muhuri wake.

Ngwali akaletwa mbiombio. Sultani alikuwa amejifunga kilemba puani, na sauti yake ilitoka humo kwa shida. "Mwanaharamu wewe. Nilikwambia uondoe jaa, ukaniletea nyumbani kwangu?"

"Maulana aliniambia liondoke pale lilipo, nalo limeondoka," akasema Ngwali. "Akaniambia niliweke popote sheria inaporuhusu. Nimezunguka kwa maakida wote wanne. Katika mji huu, Maulana, sheria inaruhusu mahali pamoja tu, napo ni hapa."

Sultani akatupa mkono, akaamuru yote yakatupwe baharini sasa hivi. Hapo Akida wa Bahari akapiga magoti, akasema kwamba kuna sheria, nayo ina muhuri wa Maulana mwenyewe. Sultani akasema basi yatolewe nje ya lango. Akida wa Lango akapiga magoti, akauliza aandike hati kwa jina la nani, na ampelekee nani. Sultani akatazama upande wa Akida wa Moto; yule alikwisha kupiga magoti tayari, ameinua kovu lake juu lionekane. Akida wa Ardhi peke yake hakupiga magoti, kwa unene, lakini alisema neno goti mara tatu. Sultani akamgeukia kadhi, na kadhi akasema kwa masikitiko makubwa kwamba amana ni amana, haiguswi kabla ya mwaka mmoja na siku moja, ila kwa mkono wa mwenyewe.

Sultani akasimama katikati ya watumishi wake wote, nzi wanamzunguka, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Basi ni kazi ya nani kuiondoa?"

Ngwali akasema polepole, "Hilo ndilo swali nililouliza mimi, Maulana, kwa siku nne. Nami nilikuwa na siku saba tu, na mke analia."

Sultani akamtazama, na hasira zikaanza kumtoka asijue zinakwenda wapi. Akalikaribia kanda lililokuwa karibu, akavunja muhuri wake kwa mkono wake, akaingiza mkono ndani. Kadhi akafumba macho. Mkono ukatoka na kipande cha sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu, na katikati yake nembo ya mbalamwezi, ambayo katika Tundwani nzima ilikuwa katika vyombo vya nyumba moja tu. Watu wote waliiona. Waziri akaanza kusema kwamba huenda ni wezi, au huenda nembo zimefanana.

"Nyamaza," akasema Sultani. "Hii ni yangu. Naitambua." Akaingiza mkono tena, akatoa mfupa wa paja la ng'ombe, akasema, "Na huu wangu. Hakuna mwingine aliyechinja ng'ombe mwezi huu." Na aibu ilimshika usoni waziwazi, wala hakuificha.

Na kwa kuwa Sultani ametambua, nani angethubutu kutotambua? Waziri akatambua viatu vyake. Habari ikatoka nje, ikawa mji mzima umepanda mtelemko kuja kutambua. Bi Rukia akakumbatia kikaango chake, mwalimu wa chuo akasoma jina lake kwenye ubao kwa sauti, na tajiri akalibeba godoro mgongoni mwenyewe ili Sultani amwone. Wakubwa wawili walishikana makoo kwa ganda moja la nanasi, kila mmoja akiapa kwamba ndiye aliyelila, hata kadhi akawaamua kwa kulikata katikati. Adhuhuri haijafika, Ghala ilikuwa nyeupe.

Akida wa Lango sasa alikuwa na majina ya wenye vitu, mengi kuliko hati zake. Jina la mpokeaji akalitoa Sultani: akasema kwamba nje ya ukuta analo shamba la minazi iliyochoka, udongo wake una njaa, nalo litapokea. Msafara ukatoka langoni, kila mtu na chake, Sultani mbele na mfupa wake.

Waliporudi, Sultani akaita maakida wanne, akaongeza mstari mmoja chini ya kila sheria, akaupiga muhuri: kwamba anayekataza kitu kisiwekwe mahali, sharti aonyeshe mahali pa kukiweka na akipeleke, na asipofanya hivyo kabla ya Ijumaa, kitalala nyumbani kwake. Inasemekana wiki ile Akida wa Ardhi alionekana akitembea kwa miguu, na watu wakatoka nje kumtazama.

Kisha Sultani akamwita Ngwali, na mbele ya watu akaichana amri ya kubomoa nyumba, akampa vipande avipeleke kwa Bi Mboja akawashie moto wa jikoni, ambao unaruhusiwa. Akamvisha joho, akamwambia, "Sasa, Ngwali, nataka kukufanya Akida wa Jaa. Utakuwa wa tano. Nitakulisha na kukuvika."

Ngwali akalivua joho polepole, akalikunja vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili. "Maulana, unisamehe. Wanne walitosha kulifikisha jaa darini. Mimi niache nisuke makanda, maana hao uliowaagiza wachukue sasa hawana cha kuchukulia."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka, akaamuru maakida wote wanne wanunue makanda kwa Ngwali, na wayabebe wenyewe. Hapo ndipo hekaya yangu ilipofika. Aliyeisikia aichukue aende nayo kwake, asiiache mlangoni kwangu.